Mama wa Serikali

Kwa mujibu wa serikali, Lydiah wa mtaa wa Umoja alijifungua mtoto wa kiume mwezi wa tatu, kisha mwezi wa saba wa mwaka huohuo akajifungua wa kike. Serikali haikuona ajabu. Hakuna daktari aliyeitwa kueleza, hakuna karani aliyekuna kichwa. Iliandika uzazi wote wawili, ikapiga muhuri, ikaendelea na shughuli zake za kujenga taifa.

Wa kiume, Ndirangu, alikuwa wa Lydiah kweli. Wa kike, Ladan, alizaliwa na Sahro, jirani wa mlango wa pili, fundi anayeshona mapazia ambayo Lydiah huyauza kwenye kibanda chake Eastleigh. Sahro alivuka mpaka akiwa msichana mdogo, ameshikwa mkono na shangazi yake, na tangu siku hiyo hakuna karatasi iliyowahi kukubali kwamba yupo. Mwaka aliobeba mimba ulikuwa mwaka wa misako. Watu walikuwa wakizolewa Eastleigh na kupakiwa kwenye malori, na ilivumika kwamba wasio na vitambulisho wanangojwa hata kwenye lango la wodi ya wazazi. Uchungu ulipomshika, Lydiah alimtia mkononi kadi yake ya kliniki na kitambulisho chake.

"Toa hijabu, funga leso, na ukiitwa Lydiah uitike," akamwambia. "Hawa watu hawaangaliangi sura. Wanaangalianga nambari."

Hawakuangalia. Wodini Sahro aliitwa Lydiah naye akawa anachelewa kuitika, hadi muuguzi akaandika kwamba mgonjwa ana tatizo la kusikia. Wakampasua, wakamtoa mtoto, wakampa hongera kwa kumfuatisha kakake upesi hivyo. Alipoulizwa mtoto anaitwa nani, alikuwa amechoka mno kudanganya, akasema Ladan.

"Hilo ni jina la Kikuyu?" muuguzi akauliza, kwa kuwa kitambulisho kilikuwa cha Mkikuyu.

"La upande wa baba," akajibu Sahro. Baba mwenyewe alikuwa amekwenda Afrika Kusini kutafuta maisha, na inaelekea aliyapata, kwa maana hajarudi mpaka leo.

Mtaani hakuna aliyechanganyikiwa. Kwa mwenye duka, kwa muuza maji na kwa mwenye nyumba, Sahro alikuwa Mama Ladan na Lydiah alikuwa Mama Ndirangu. Ngigi, mumewe Lydiah, alitaniwa kidogo na wenzake. "Ngigi, kale kasichana kako ka Kisomali kanaendeleaje?" Mwanzoni alinuna, baadaye akazoea, mwishowe akawa anajibu kwamba kanaongoza darasani, tofauti na watoto wao.

Lakini Sahro alijua hatari iko wapi. Kabla hajamfunza Ladan kuhesabu, alimfunza jambo moja: ukiona yunifomu, ukiona meza yenye muhuri, ukiona mtu ana kadi inayoning'inia shingoni, mama yako ni Mama Ndirangu. Walifanya mazoezi jikoni. "Mama yako ni nani?" "Lydiah." "Na huyu?" "Ni jirani." Akijibu bila kusita, anapewa kipande cha halua. Mtoto alikula halua nyingi sana.

Mwaka huu Ladan ameingia gredi ya sita, na shule ikataka cheti cha kuzaliwa ili asajiliwe kwa mtihani wa taifa. Cheti chenye jina la Lydiah kingepatikana bila jasho. Sahro akakataa katakata.

"Siku wakinibeba mimi kwenye lori, nitamdai mtoto wangu kwa karatasi gani?" akamwambia Lydiah. "Ataachwa hapa, mtoto halali wa Lydiah. Mimi nitakuwa mwanamke fulani tu aliyekuwa akishona mapazia."

Isitoshe, alikuwa amesikia kwenye mkutano wa akina mama kwamba sheria inamruhusu kila mtoto aliyezaliwa Kenya kuandikishwa, wazazi wake wawe wametoka popote. Aliamini. Hapo ndipo mtu anamwonea huruma: Sahro, mwenye ulimi wa kumkata dalali wa vitambaa akatoka jasho, aliamini kitu alichosikia mkutanoni. Alitaka jina lake liandikwe mahali pamoja duniani, na mahali hapo pawe ni juu ya Ladan. Lydiah akapiga moyo konde, akakubali kwenda kukiri kwamba hakumzaa.

Asubuhi ya safari hiyo Sahro alimfunga mtoto nywele kwa makini.

"Leo mambo ni tofauti. Ukiulizwa, sema ukweli."

Ladan akageuka. "Ukweli wa home ama ukweli wa serikali?"

"Wa home."

"Hata mbele ya meza?"

"Hata mbele ya meza."

Mtoto akamtazama mamake kwa wasiwasi.

Ofisi waliyokwenda sitaitaja. Aliyeketi ndani yake aliitwa Wandera, mtu mwenye shati lililopigwa pasi likakakamaa na sauti ya kutangaza vifo redioni. Nyuma ya kichwa chake palibandikwa bango lenye picha ya mtoto anayecheka: KILA MTOTO ALIYEZALIWA KENYA ANA HAKI YA CHETI CHA KUZALIWA. Kila aliyeingia ofisini alilisoma. Wandera peke yake ndiye aliyekuwa ameligeuzia kisogo miaka yote.

Lydiah alieleza kila kitu. Wandera alibonyeza kompyuta, akangoja, akabonyeza tena.

"Hapa naona umezaa mwezi wa tatu," akasema. "Na hapa umezaa mwezi wa saba. Wawili. Serikali imekupa wawili, wewe unarudisha mmoja?"

"Mkubwa, mtu atazaa mwezi wa tatu na azae tena mwezi wa saba?"

"Mama, mambo ya uzazi ni ya Mungu. Mimi yangu ni kompyuta."

"Mimi ndiye niliyemzaa," Sahro akaingilia.

"Kitambulisho?"

"Sina."

"Pasipoti? Kadi ya mkimbizi?"

"Sina."

"Basi hukuzaa."

"Nilizaa bila kitambulisho!"

"Kuzaa, unaweza. Kuandikwa kwamba umezaa, huwezi." Alilisema hilo bila ubaya, kama anayemweleza mtu njia ya kwenda chooni.

Sahro akamwonyesha bango kwa kidole. Wandera hakugeuka, alisema hilo ni la uhamasishaji. Sahro akasema ana kovu la upasuaji tumboni, akashika buibui lake kama anayetaka kulipandisha. Wandera akajifunika macho kwa faili.

"Mama, hii ni ofisi! Na kovu halina nambari."

Lydiah akaangua kicheko bila kutaka, na kicheko hicho ndicho kilichowaponza. Wandera aliweka faili chini taratibu. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Hebu nielewe. Mnaniambia wewe ulitoa kitambulisho chako kitumiwe na mtu mwingine. Hilo ni kosa. Na wewe ulijifanya mtu mwingine katika hospitali ya serikali. Hilo ni kosa. Tena uko nchini bila karatasi." Akavuta simu ya mezani karibu yake. "Nina ndugu wa uhamiaji hapo juu, ghorofa moja tu. Tumwite atusaidie?"

Sahro akamwona Lydiah, mwanamke ambaye hajawahi kumwogopa hata kanjo, askari wa jiji wanaobomoa vibanda, akikunjakunja pindo la sweta lake. Wakati huo ndipo alipojua amewaleta wote watatu kwenye mtego kwa miguu yao.

Wandera akatabasamu. Wazo lilikuwa limemjia, na kwa jinsi alivyojinyoosha kitini ilionekana mawazo hayamtembelei mara nyingi.

"Nyinyi watu wazima mnaweza kunidanganya. Mtoto hadanganyi. Njoo hapa, kasichana. Usiogope. Niambie, mama yako ni nani kati ya hawa?"

Ladan alisimama mbele ya meza. Aliutazama muhuri. Aliitazama kadi iliyoning'inia shingoni mwa Wandera. Akautazama mkono wake, uliokuwa bado juu ya simu. Kisha akainua kidole.

"Mama yangu ni huyu," akasema kwa Kiswahili cha shuleni, akimwonyesha Lydiah.

"Una hakika?"

"Ndiyo, bwana."

"Na huyu mwingine?"

"Huyu ni jirani. Anashona mapazia."

"Mnaona sasa?" Wandera akauondoa mkono kwenye simu, amefurahi kama aliyeshinda kesi. "Kitoto kimewashinda kwa ukweli. Mama Lydiah, nenda nyumbani umalize ugomvi na mumeo, lakini mtoto usimkane. Na wewe, fundi, tafuta wako." Kwa wema wa ushindi, cheti ambacho watu huzungushwa wiki nzima kukipata kilitoka palepale, kikiwa bado na joto la mashine. Jina la mama: Lydiah. Akagonga muhuri, meza ikatikisika.

Sahro alitoka nyuma yao kama mtu aliyewasindikiza. Aliona fahari, kwa sababu mtoto alikuwa amewaokoa wote kwa utulivu ambao yeye mwenyewe alikuwa ameupoteza. Na aliona hasira, hasira ya kutaka kurudi akalichane lile bango vipande vipande, kisha hasira ikamgeukia yeye mwenyewe. Somo lile nani alilifundisha? Alikuwa mwalimu mzuri mno.

Langoni kulikuwa na askari, kwa hiyo Ladan alitembea ameshikana mkono na Lydiah, akamsalimu askari kwa adabu. Lydiah alikuwa akilia waziwazi, na askari akadhani ni mama aliyezidiwa na furaha ya kupata cheti. Walipopinda kona, kwenye kibanda cha kukaanga viazi karai, mtoto aliangalia nyuma, akauachilia mkono wa Lydiah, akaja upande wa Sahro na kujipenyeza chini ya buibui lake kama alivyokuwa akifanya alipokuwa mdogo.

"Mum, nimejibu poa?"

"Umejibu vizuri."

"Hata sijasita."

"Hata hukusita."

Ladan akatembea kidogo, akifikiri.

"Basi halua yangu iko wapi?"

Sahro akasimama katikati ya njia, watu wakimpita huku na huku. Kisha akafungua mkoba, akatoa pesa, akaenda kumtafutia mtoto halua.