Pale Kinanda Kinapoingia

"Sikilizeni hapa," Kasuku aliwaambia wapenzi wa muziki waliojaa kwenye duka la santuri. "Filimbi inapanda, inapanda, halafu bila hodi, kinanda! Mtunzi ameruka makusudi. Nani mwingine angethubutu?"

Albamu aliyokuwa akiisifu aliijua tangu hajaota meno: roki iliyofungishwa ndoa na okestra, upande mzima wimbo mmoja. Baba yake, fundi wa makochi, aliipiga karakanani miaka nenda miaka rudi, na jina la Kasuku alimpa yeye, kwa jinsi binti alivyokuwa akiigiza kile kinanda kabla hajajua kuomba maji.

Mwenye duka akaweka nakala yake. Filimbi ikapanda. Kasuku akanyanyua kidole kuwaonyesha mahali penyewe.

Kinanda hakikuja. Zilikuja fidla, taratibu, wimbo ndani ya wimbo, ambao hakuwahi kuusikia hata siku moja. Kidole kikabaki hewani kama cha mtu anayesimamisha gari lililokwisha kupita.

"Dada," mzee mmoja mwenye miwani alisema kwa upole uliouma kuliko kicheko, "nadhani santuri ya kwenu ina mkwaruzo. Sindano inaruka."

Wakacheka. Naye akacheka, asije akalia. Akainunua nakala ileile na kutoka, masikio yakiwaka moto.

Mpaka anafika karakanani, aibu ilikuwa imegeuka hasira. Baba alikuwa amepiga magoti mbele ya kochi, misumari midogo mdomoni, santuri yao kuukuu ikizunguka juu ya meza. Ndivyo alivyofanya kazi siku zote: filimbi ikipanda anavuta kitambaa juu ya sponji, anakikaza kwa kiganja, kinanda kikitua, nyundo nayo inatua.

"Kasuku wangu!" alisema kwa pembe ya mdomo. "Umewatoa jasho?"

"Limenitoka mimi. Baba, umeniaibisha."

"Mimi tena? Nilikuwa hapa nagombana na kochi!"

Kasuku hakucheka. Aliitoa santuri ya zamani, akaweka mpya. "Sikiliza. Hivi ndivyo watu wote wanavyoujua."

Filimbi ikapanda. Baba, kwa mazoea, akavuta kitambaa na kuinua nyundo. Fidla zikaingia. Nyundo ikabaki juu, kitambaa kikamponyoka. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaitoa misumari mdomoni.

"Ni tamu," alisema. "Kumbe. Mimi niliinunua kwa mtu, ilishatumika, sikujua." Akatazama sakafu. "Wateja wote wale niliowazuia mlangoni. 'Ngojeni kwanza, ngojeni kinanda.' Labda walijua, wakaninyamazia." Halafu akasema, "Nisamehe, mama. Nimekupeleka mbele za watu na kitu kibovu."

Kasuku alitamani ardhi immeze. Kule dukani walimcheka wageni. Huyu alikuwa anamwomba radhi.

"Baba, mimi ndiye..."

"Hapana, irudishe mwanzo hiyo yako. Ndiyo sahihi."

Filimbi ilipoanza tena, baba hakuvuta kitambaa. Alikaa na nyundo mapajani, kama mgeni asiyejua aketi wapi. Zilipoingia fidla, alipiga msumari mmoja. Ukapinda. Akaung'oa na kupiga mwingine. Nao ukapinda.

Kasuku akainyanyua sindano. Akaitoa santuri mpya, akarudisha ya zamani, akapiga magoti upande wa pili wa kochi na kushika ncha ya kitambaa.

"Vuta, baba."

"Lakini hiyo imekosea."

"Vuta tu."

Kasuku hakuweza kumtazama usoni. Filimbi ikapanda, wakavuta, yeye huku, baba kule, kitambaa kikakazika kama ngoma. Sindano ikaruka. Kinanda kikatua.

Nyundo ikatua baadaye kidogo, nusu pumzi, nayo haikuwahi kuchelewa kabla ya siku hiyo.