Anayeuliza Tumefika Wapi

Mara ya kwanza swali hilo kusikika walikuwa Kathonzweni. Walikuwa wameegesha kwa uwanja wa kanisa, saa nane mchana, jua inachoma mabati mpaka yanalia. Ndinda alikuwa amelala nyuma ya gari kupumzisha mgongo. Akaamka, akatoa kichwa kwa dirisha.

"Baba Mwende, dereva ni wewe. Mbona unaniuliza mimi tumefika wapi?"

Mumewe, Kitheka, alikuwa nje kwa kivuli anachambua ndengu. Hakuwa amefungua mdomo tangu wamalize chai ya saa nne. Lakini alijibu haraka kwamba alikuwa anamtania tu, na akarudi kwa ndengu zake, na mikono yake ikaanza kutupa zile nzuri na kubakisha mawe.

Huo ulikuwa uongo wa pili. Wa kwanza ulianzia Malili, alikonunua gari.

Kitheka alikuwa amechimba visima miaka thelathini, kutoka Makueni mpaka mwisho wa Kitui, akilala kwa hema peke yake huku mke akilala nyumbani kwao, mji wa Wote, peke yake. Alipostaafu alisema inatosha. Atatafuta gari, aweke kitanda ndani, na zile sehemu zote alizozijua akiwa na matope mpaka kwa masikio, atazizungusha na Ndinda kando yake. Watoto walidhani ni jua imemgonga. Yeye akaenda Malili, akapata gari ndefu, paa juu, injini safi, na bei ya chini mpaka akainama kuangalia kama iko na magurudumu.

Alipofungua mlango wa nyuma aliona reli mbili za chuma kwa sakafu, zimetoka mlangoni mpaka nyuma ya kiti cha dereva, na katikati vigurudumu vidogo vya kutelezesha kitu kirefu. Hakuna mtu mzima Kenya hii anaambiwa ni kitu gani hutelezeshwa hivyo. Muuzaji akaangalia barabara. Kitheka naye akaangalia barabara. Wakapatana.

Halafu ule ufundi wake ukamponza. Mwingine angezing'oa zile reli. Kitheka alizigonga na nyundo, akasikia ni chuma ya maana, akaona amepunguziwa kazi ya kuchomelea. Akafunga kitanda juu yake na boliti nane, akafunika vigurudumu na plaiwudi, akapaka gari rangi ya maziwa. Ndinda akaambiwa ilikuwa gari ya kubeba mkate.

Na Ndinda si mtu wa kudanganywa ovyo. Alikuwa matroni wa shule ya bweni miaka ishirini na mbili. Alikuwa anajua ni msichana gani hayuko kitandani kabla hajawasha taa. Alikubali safari na sharti moja. "Mwezi mmoja. Nikipata usingizi, tunaendelea. Nikikosa, narudi Wote kwa nyumba ya mawe, na wewe endelea na mkate wako."

Kwa hivyo Kitheka alijua kile kiko hatarini. Kama usingizi wa Ndinda ungeharibika, angerudi kulala peke yake, na sasa bila hata kazi ya kusingizia.

Alifanya kila kitu vile inafaa. Mitungi ya maji aliifunga chini kabisa, juu ya ekseli, gari isiyumbe kwa kona. Gesi aliifunga kwa mtungi wenyewe kabla ya kuwasha injini, si kwa meko peke yake. Madirisha mawili, moja kila upande, yalibaki wazi vidole viwili hata kukiwa na baridi, kwa sababu watu wawili wakipumua ndani ya bati asubuhi utadhani kumenyesha. Kwa choo kulikuwa na ndoo, mfuniko na gunia la unga wa mbao, na sheria ya kutocheka. Kila mahali aliomba ruhusa kwanza, kwa mchungaji au kwa chifu, na akaegesha pua ikiangalia nje, ili wakiambiwa waondoke wasianze kupiga rivasi mbele ya watu.

Na kabla ya kulala, alilaza chupa ya maji nusu kwa sakafu. Maji yakienda upande mmoja, anaweka jiwe chini ya gurudumu la upande huo. Mtu akilala kichwa chini miguu juu anaamka akiwa na hasira ya mtu mwingine.

Shida ilianzia kwa hiyo chupa. Jioni maji yalikuwa yametulia sawasawa. Asubuhi yalikuwa yote upande wa mlango wa nyuma, na miguu yao wawili imegusa mlango, kama wametelezeshwa. Mawe yalikuwa pale pale. Kitheka alisema udongo wa Kathonzweni ni laini. Ilipojirudia Mbuvo akasema ni upepo.

"Upepo," Ndinda akarudia, polepole, vile alikuwa akirudia visingizio vya wasichana.

Kwa daraja la Athi, wakivuka kuingia Kitui, gari ilizima katikati. Saa tano asubuhi, betri nzima, mafuta nusu tanki. Kitheka aliwasha mpaka ufunguo ukapata moto. Simu ya Ndinda ikalia, alikuwa binti yao Mwende, na Ndinda akamwambia wako juu ya Athi, wanavuka, mbele ni Ikutha halafu Mutomo. Kabla hajamaliza kusema Mutomo, injini ikawaka. Kitheka hakuwa ameshika ufunguo.

Aliona. Aliona pia kwamba ilizima tena kwa njiapanda ya Ikutha, na ikakubali Ndinda aliposoma kibao kwa sauti. Lakini akanyamaza, kwa sababu kusema moja ni kusema yote.

Usiku huo, huko Mutomo, Ndinda hakulala. Alikaa kitandani mpaka kukapambazuka, mgongo kwa ukuta. Kitheka akamuuliza nini mbaya.

"Kuna mtu anauliza tumefika wapi, kwa sauti ya chini," Ndinda akasema. "Kwa adabu. Kama mgeni anaogopa kusumbua. Na si wewe, kwa sababu wewe ulikuwa unakoroma."

Akafunga nguo zake kwa mfuko. Alimwambia ampeleke Kitui mjini, kutoka hapo atajipeleka Wote.

Mjini Kitui bati lililoshika mtungi wa gesi lilikuwa limelegea, na Ndinda mwenyewe akakataa kukaa kando ya gesi inayocheza, hata kama ni dakika kumi. Ndiyo wakasimama kwa karakana ya Yakub, mzee mwenye kofia nyeupe na viatu vya tairi. Yakub hakuangalia gesi. Alizunguka gari mara mbili, akapapasa mbonyeo mdogo kando ya mlango wa nyuma, akauliza kwa upole sana, "Na mnalala ndani?"

Kitheka akakohoa.

"Mzee wangu," Yakub akamwambia, "huyu mama anajua?"

Hapo hakukuwa na mahali pa kwenda. Kitheka alimweleza mkewe akiangalia viatu vya Yakub: reli, vigurudumu, kitanda, mkate. Ndinda hakupiga kelele. Aliuliza swali moja tu, kama kitanda kiko pale pale jeneza lilikuwa likilala. Akaambiwa ndiyo, pale pale.

Yakub aliwaletea viti. Alikuwa ameendesha gari hiyo miaka tisa, akibeba marehemu kutoka hospitali za mbali kuwarudisha kwao. Na kazi hiyo iko na njia yake, akasema. Abiria amelala, haoni nje, kwa hivyo dereva ndiye macho yake. Unamwambia. Hapa tunakata kona. Hapa ni daraja, tunavuka. Hapa ni soko la kwenu. Ukifika kwa boma unazima injini, unafungua mlango, unamwambia amefika, ashuke pole pole. Yeye ni Mwislamu na abiria wengi walikuwa wa kanisa, lakini hakuna aliyewahi kumlalamikia.

"Aliyenifuata alikuwa kijana wa redio," akasema. "Kutoka huko mpaka huku, muziki. Safari yake ya mwisho alinipigia simu nimwelekeze, mbele ya Zombe, kwa kina Munyao. Alikuwa amembeba mama yao, mama Kanyiva. Nikamsikia hata kwa simu, redio inapiga mpaka kwa geti, na mama hakuambiwa amefika."

Yakub alipomaliza kukaza bati la gesi, Ndinda aliinuka. Kitheka akadhani anaenda stendi. Alichukua mfuko wake, akauweka kwa miguu yake kiti cha mbele, akafunga mlango.

"Twende Zombe," akasema. "Na usiseme kitu."

Kitheka akawasha gari. Ndinda ndiye alisema, njia yote, bila kugeuza kichwa. Mwaitu, akaita, vile Wakamba humwita mama, tumetoka Kitui. Mwaitu, ule ni mwamba wa Nzambani, ule wanasema mtu akiuzunguka mara saba anageuka mwanamke. Huyu dereva wangu angefaidika, lakini tumechelewa. Mwaitu, hii ni Chuluni. Huu ni mto, hauna maji, mchanga tu, kuna punda wawili. Gari ilienda kama imepakwa siagi. Nyuma hakukusikika chochote, lakini ni ule ukimya wa mtu anayesikiliza, na Kitheka aliuhisi kwa shingo.

Bomani kwa Munyao mbwa watatu walitoka wakibweka. Munyao mwenyewe, mtu wa miaka hamsini, aliitambua gari kabla haijasimama, rangi au hakuna rangi, akavua kofia. Ndinda alimweleza kwa maneno machache, na Munyao hakucheka. Alisema tu kwamba tangu mazishi, mbwa hao hukaa wakiangalia barabara.

Kitheka akazima injini. Ndinda akaenda nyuma, akafungua mlango mpana, akasimama kando vile mtu humpisha mkubwa wake.

"Mwaitu, umefika. Hapa ni kwako. Munyao yuko hapa. Shuka pole pole."

Upepo haukuwepo. Nyuma ya gari ilishuka kidogo, halafu springi zikalia na ikainuka, ikabaki juu vidole vitatu, vile huinuka mtu akishuka. Mbwa wakanyamaza. Wakasogea, wawili huku mmoja kule, wakaacha njia katikati, na vichwa vyao vikageuka pamoja, taratibu, kufuata kitu kinachotembea kwa shida mpaka mlango wa nyumba.

Munyao alikuwa analia bila sauti.

Waliporudi kwa gari Kitheka akashika ufunguo. Ndinda alikaa mbele, akageuka kuangalia nyuma.

"Yule kijana wa redio aliiendesha muda gani?"

Kitheka alisema hajui. Labda mwaka. Labda miwili.

"Na kila wiki alikuwa akibeba wangapi?"

Hilo pia hakujua.

"Basi mimi siendi Wote," Ndinda akasema. "Lakini si kwa sababu yako, Baba Mwende, ni kwa hao wengine ambao hawakuambiwa wamefika. Wewe bado nimekukasirikia, na nitakuambia nikimaliza. Toa spana."

Kitheka alifungua boliti zote nane hapo hapo kwa boma la watu, akageuza kitanda kikalala kutoka upande mmoja wa gari mpaka ule mwingine. Gari ni nyembamba na yeye ni mrefu, kwa hivyo tangu siku hiyo hulala amekunja magoti kama mtoto, na hajalalamika. Ndinda hulala fofofo. Kitu kimoja tu amekataza: juu ya zile reli, mahali palipobaki wazi, upana wa mtu mmoja, hakuna kuweka kitu. Si ndoo, si viatu, hata jaketi. Na Kitheka akiwa anaendesha, mkewe husoma kila kibao kwa sauti, halafu hunyamaza kidogo, kama anayengoja kuitikiwa.