Absalom Hajaingia kwenye Kompyuta

Mwaka wa 1994 hesabu za samaki na orodha ya wafanyakazi wa Port Victoria zilifika Kisumu kila Ijumaa, ndani ya disketi iliyofungwa nailoni, pamoja na lori la barafu. Elsie, karani, aliitia kwenye kompyuta ya kampuni, akaketi kutafuna njugu mpaka imalize.

Jumanne jioni baba yake Elsie, Absalom, mpima samaki kule Port Victoria, alibisha hodi kwake mtaani Nyalenda. Alikuwa amekufa Jumatatu.

"Kule nimeshakufa," alisema akivua viatu. "Huku disketi haijafika."

Elsie alichanganyikiwa. Alie, au akaange dagaa wa omena? Utaanzaje matanga na marehemu mwenyewe anauliza sukari iko wapi? Akakaanga omena.

"Ulishikwa na nini, Baba?"

"Tumbo, tangu Ijumaa. Nikaomba lori linilete hospitali. Dereva akasema ameagizwa kwamba samaki wasingoje mtu. Si makosa yake, mama."

Alhamisi Absalom alimsindikiza kazini, akaketi kwenye benchi na kikombe cha chai. Siku hiyo meneja, Bwana Walter, alileta kifaa cha kuunganisha kompyuta na waya wa simu.

"Kungoja Ijumaa hadi Ijumaa ni kuchelewa," alisema. "Nataka hesabu za kule na za huku ziende sambamba. Unganisha, Elsie."

Elsie akasema waya ni mfupi. Bwana Walter akaleta mrefu. Akasema umeme leo si mzuri. Taa zikawaka vizuri tu. Alitaka siku moja zaidi na baba yake, basi.

"Unganisha, mama," Absalom alisema. "Kazi ni kazi."

Akaunganisha. Kompyuta ikatetea kama kuku anayetaga. Zikaingia kilo za mbuta, kilo za ngege, kisha Absalom, marehemu. Benchini kikabaki kikombe. Ndipo Elsie akalia. Bwana Walter alimpa pole, akaisifu kasi ya kifaa.

Ijumaa ya wiki iliyofuata, asubuhi, ujumbe uliingia: Waliaula, mpima mpya, anaumwa tumbo, anaomba gari. Elsie alikimbia nao kwa Bwana Walter. Lori lilikuwa bado Port Victoria. Meneja akapiga simu.

"Samaki wamepakiwa?" aliuliza. Walikuwa wamepakiwa. "Basi lije. Lisingoje mtu."

Adhuhuri jina la Waliaula likaingia, marehemu. Elsie alichemsha chai ya watu wawili, akalitazama benchi. Hakuna aliyekuja. Hesabu za kule na za huku zilikuwa sambamba. Akainywa yote mwenyewe.