Chambo Kidogo Kama Punje ya Mchele

Mkono wa kushoto wa Fundi ulimgomea saa tatu asubuhi, yuko kwenye cherehani, zipu ya sketi ya watu imeshonwa nusu. Aliuona umelala juu ya kitambaa kama si wake. Akautuma, haukutumika. Alipofungua kinywa amwite mumewe, ulimi nao ukawa mzito, maneno yakatoka yamevurugika kama uzi uliochezewa na paka.

Ulimi ulirudi baada ya wiki mbili, na ulirudi na hasira za kufungiwa, maana Fundi hakuzaliwa kunyamaza. Mguu ukafuata. Mkono ndio uliobaki nyuma. Vidole vilifunguka, vikajikunja, lakini kidole gumba na cha shahada vilikataa katakata kukutana. Mshonaji ambaye vidole hivyo viwili havikutani atashika nini? Cherehani ikafunikwa shuka. Sketi ikapelekwa kwa fundi wa mtaa wa pili, mtu ambaye mishono yake Fundi alikuwa ameicheka miaka ishirini.

Kila Jumatano alikwenda hospitali kwa mtaalamu wa viungo, binti mpole mwenye mikono ya chuma, aliyempa mpira wa kuminya.

"Mama, huo mpira unauminya kama unamkomesha mtu," binti alimwambia siku moja.

"Si umeniambia niuminye?"

"Nimekwambia. Lakini vidole vinataka na kazi ndogo ndogo, ya makini, ambayo mwenyewe unaipenda."

"Ninayo. Inataka mikono miwili."

"Basi tafuta inayokubali mkono mmoja na nusu."

Fundi akacheka bila kutaka. Njia nzima ya kurudi nyumbani alikuwa akijiuliza ni kazi gani hiyo ya mkono mmoja na nusu.

Mumewe alikuwa dereva wa lori aliyestaafu, na tangu astaafu mapenzi yake yalikuwa bwawa la maji la mji. Alivua pale gatini pamoja na mdogo wake, ambaye kila mtu alimwita Profesa kwa sababu hakuna jambo la samaki asilolitolea mhadhara. Lakini mwezi ule bwawa liliwatia aibu wote wawili. Matope yalikuwa yametuama, maji yakawa meupe kama kioo, na sangara walionekana kabisa chini ya nguzo za gati, wamejipanga, wakitazama chambo kinapita. Wakitazama tu. Profesa alikuwa na kisanduku kizima cha vyambo vya dukani, vinavyong'aa, vingine virefu kama kalamu, na hakuna sangara aliyevijali.

Jumamosi moja mume akarudi na sangara mmoja, urefu wa kandambili. Fundi akasema atamtengeneza mwenyewe.

"Kwa mkono upi?" mume akauliza, kisha akajuta kuuliza.

"Kwa huu mmoja. Wewe unayo miwili na umeshindwa kuvua," Fundi akajibu.

Akambana samaki kichwani kwa kiwiko cha kushoto, akampasua kwa mkono wa kulia. Kwenye tumbo la samaki akakuta kitu kilichomfanya aweke kisu chini. Kulikuwa na rundo la vidagaa visivyo na rangi, vyembamba, kila kimoja macho mawili meusi na mwili unaopitisha mwanga. Akakivuta kimoja, akakilaza kwenye futi yake ya kushonea. Hakikufika sentimita mbili.

"Mume wangu, njoo uone. Huyu anavaa nguo za mtoto mchanga, na nyinyi mnampelekea koti la bwana harusi!"

Mume akatazama, akakuna kichwa. "Chambo kidogo hivyo hakiuzwi."

"Nani amezungumza habari ya kununua?"

Jioni ile ile akamtaka amfungie jiliwa ndogo, ile ya kubania vyuma, ukingoni mwa meza ya kulia chakula, na amtafutie ndoano ndogo kuliko zote alizonazo. Zilikuwepo, zimetupwa chini ya kisanduku, hazijawahi kutumika. Fundi akaibana moja kwenye jiliwa, akachukua uzi wa kijivu, akakaa.

Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Unabana punje ya madini ya risasi karibu na tundu la ndoano, iwe kichwa. Unafunga unyoya nyuma yake, uwe mkia. Kisha unazungusha uzi, duru juu ya duru, mpaka mwili utokee, unafunga fundo, unapaka rangi ya kucha isifumuke. Mkono wa kulia ndio unaozungusha. Wa kushoto kazi yake ni moja tu, kushika unyoya mahali pake, kati ya kidole gumba na cha shahada.

Vidole vile vile viwili visivyokutana.

Siku ya kwanza unyoya ulianguka mara nyingi mpaka akaacha kuuokota kwa heshima, akawa anautukana. Siku ya pili akajifunga kipande cha mpira kidoleni ili unyoya usiteleze. Siku ya nne chambo cha kwanza kikakamilika, kikatoka kama nzi aliyegongwa na basi. Mume akakitazama, akameza kicheko.

"Cheka tu, usije ukapasuka," Fundi akamwambia. Akachukua wembe, akakifumua chote, akaanza upya.

Kwa wiki tatu mezani pale hapakuliwa chakula. Fundi aliweka jagi la kioo lililojaa maji, na kila chambo alikidondosha mle akakifuatilia kwa macho. Vya kwanza vilizama kama mawe. Akapunguza risasi. Manyoya ya kuku yalisimama kama ufagio; akapasua mto wa kitandani akapata malaika, yale manyoya madogo laini, meupe, na hayo yalipozama yakawa yanafunguka na kufunga polepole, kama kitu kinachopumua. Akatia duru mbili za uzi mwekundu shingoni, mahali pa mashavu ya samaki, na nukta ya rangi nyeusi kila upande, ya jicho. Siku moja mtaalamu wa viungo alimshika vidole vya kushoto, akavivuta, akashindwa kuvitenganisha kwa urahisi. Akamtazama usoni. "Mama, umekuwa ukifanya nini?" Fundi akafungua mkoba, akamwonyesha.

Profesa alipoviona, aliviweka kiganjani akavipuliza.

"Shemeji, samahani, huu ni uchafu wa mfukoni. Sangara ni mwindaji. Mwindaji anataka windo la maana."

"Umeshampasua tumbo ukaona?"

"Mimi nimevua miaka thelathini!"

"Sikukuuliza miaka."

Asubuhi ya Jumapili iliyofuata Fundi akavaa viatu vya raba, akasema naye anakwenda bwawani. Mume akampa fimbo yake nyepesi kabisa, yenye mshipi mwembamba kama unywele. Fimbo ile inashikwa kwa mkono wa kulia, na mkono wa kushoto ndio unaozungusha kishikio cha kukunjia mshipi, kishikio kidogo cha kushikwa kwa vidole viwili.

"Nikuzungushie?" mume akanong'ona.

"Ondoka hapo."

Gatini walikuwepo watu kama kumi na wawili, ndoo zao tupu. Profesa alikuwa katikati, mhadhara umekolea. Fundi akapita nyuma yao mpaka nguzo ya mwisho, akadondosha chambo chake, akakiacha kizame. Akainua ncha ya fimbo kidogo, akashusha. Akainua, akashusha. Watu wakaanza kutazamana. Mmoja akauliza yule mama anavua au anachovya biskuti.

Akashusha tena, na mshipi ukalegea kabla ya wakati wake. Kilikuwa kitu kidogo sana, kama mtoto kavuta upindo wa gauni. Mtu mwingine asingelijua. Lakini Fundi alikuwa ameishi na uzi miaka thelathini na tano. Akainua. Fimbo ikapinda, na vidole viwili vya kushoto vikashika kishikio, vikazungusha.

Sangara wa kwanza alitua ubaoni akirukaruka. Gati zima likageuka.

"Bahati," Profesa akasema.

Wa pili alikuja kabla neno hilo halijapoa. Wa tatu. Wa nne alichomoka, Fundi akamtukana, akampata wa tano. Sasa watu walikuwa wamemzunguka, mhadhara umekosa wasikilizaji, na Profesa mwenyewe alikuwa anachungulia juu ya mabega ya wenzake.

Kisha fimbo ikainama mpaka ncha ikagusa maji. Mshipi ukaanza kutoka wenyewe, kwa mlio.

"Mkubwa! Atakata!" Profesa akapaza sauti. "Mvute, shemeji, mvute!"

"Uzi mwembamba hauvutwi, shemeji. Unabembelezwa."

Samaki alipotaka kwenda, alimwachia. Samaki alipochoka, alizungusha duru tatu, nne, akapumzika. Jasho lilimtiririka, mkono wa kushoto ulichoka kuanzia begani, na mara moja kidole gumba kikateleza, akakirudisha. Mume alikuwa amesimama pembeni, mikono nyuma, ameibana kwa nguvu isije ikasaidia. Mwishowe pande la samaki likajitokeza juu, ubavu unang'aa, chambo cha malaika ya mto kimenasa pembeni mwa mdomo. Profesa ndiye aliyepiga magoti na wavu akamtoa. Alikuwa na urefu wa mkono mzima.

Watu wakapiga makofi. Fundi akakaa chini pale pale kwenye mbao, akautazama mkono wake. Machozi yakamtoka, na hakuyafuta.

Profesa akachuchumaa mbele yake. Alikohoa kwanza.

"Shemeji... vile vingine, umekuja navyo?"

"Ninavyo vinane."

"Niazime kimoja."

"Siazimi. Njoo nyumbani nikufundishe, uje na ndoano zako. Na kucha ukate, zitachana uzi."

Kicheko kilichopigwa pale kiliwatisha ndege. Profesa naye akacheka, tena kuliko wote, na kesho yake saa nne kamili alibisha hodi, kucha zimekatwa.

Lakini Jumapili ile walirudi kwa miguu, mume amebeba ndoo kwa mikono miwili, mkia wa yule mkubwa umechomoza nje. Mwenye duka la kona akatoka kibarazani.

"Hongera, mzee! Leo umeua!"

Mume akasimama. Kwa kawaida alikuwa mtu wa kupokea sifa hata zisizo zake.

"Mimi ni mchukuzi tu," akasema. "Mvuvi huyo hapo nyuma."

Na Fundi, nyuma, akainua mkono kumsalimu mwenye duka. Aliinua wa kushoto.