Kengele ya Pinboli

"Baltazar, mara ya tatu hii unaifungua na bado bubu! Kesho wa vyuma chakavu anaibeba."

"Mama Nyamburi, usinitangaze mtaa mzima. Bodi yake ya umeme ndiyo mgonjwa."

"Mgonjwa ni wewe!"

Majirani wa Makoko tulishajaa uani, maana ugomvi wa Dafroza, huyo Mama Nyamburi, haupitwi. Pinboli ile, mashine ya kuchezea gololi za chuma, ilikuwa ya baa ya marehemu mumewe, Stanslaus. Tulikuwaga tunapanga foleni. Ukifikisha pointi laki moja kengele inalia, na Stanslaus mwenyewe anakuletea samaki sato wa kukaanga, bure.

Baltazar, fundi redio wetu, safari hii akamulika nyuma ya bodi kwa simu. Betri za bodi zilikuwa zimevuja, na kutu ya kijani imekula njia za umeme.

"Niliziweka mimi," akasema. "Marehemu alikuwaga ananikumbusha kila Krismasi nizibadilishe. Alipofariki, nikashindwa kuingia humu hadi uliponiita."

Dafroza akaleta ndimu na mswaki mkuukuu. Baltazar akasugua kutu, akakausha, akachomelea vipande vya waya palipokatika, akaweka betri mpya. Alipowasha, taa zikacheza usoni kwake. Akavuta springi ya kurushia gololi. Gololi ya kwanza ikapotea, ya pili pia. Kwa ya tatu, pointi zikatimia laki moja na kengele ikalia.

Dafroza akajifuta macho kwa kanga.

"Aliyepiga kengele anakula. Nawa mikono, shemeji, uingie. Na ninyi wambea wote, ingieni, sato wapo."