Mapigo Manne ya Maziwa

Walimwengu wote, walio macho na wanaosinzia, mnatangaziwa kwamba hiki ni kisa cha gwiji wa magwiji, kiongozi wa okestra aliyelitaka taifa zima liache kupumua kwa mapigo manne, nalo likaacha. Siku kisa kinapoanza, gwiji alikuwa amekaa sebuleni, soksi moja mguuni na ya pili haijulikani ilipo, akisikiliza mtu mwingine akiuharibu muziki wake, machozi ya furaha yakimtiririka.

Nje aliitwa Mwalimu. Nyumbani aliitwa Babu, na Bibi alipokasirika, aliitwa "we mzee".

Miaka arobaini nyuma Babu alitunga na kuongoza muziki wa filamu moja iliyowaliza hata wauza tiketi. Kuna mahali mama anaufungua mlango akidhani mwanawe amerudi. Fidla zinapanda, ngoma zinapanda, halafu ghafla okestra nzima inakatika kama mkono ulioguswa na sufuria ya moto. Kimya. Mapigo manne. Kisha fidla moja tu, mbali. Kwa kimya kile Babu alipewa kikombe cha fedha, akakiweka kabatini, na kila Ijumaa alikifuta kwa leso yake mwenyewe. Mwingine akikigusa, kunawaka moto.

Tangu hapo viongozi watatu wa okestra walikuwa wameurekodi upya muziki ule. Wa kwanza alipapita pale pa kimya mbio kama anayefukuzwa na mbwa. Wa pili alinyamaza, lakini ngoma zake zikabaki zikinguruma chinichini kama tumbo la mtu msibani. Wa tatu alinyamaza mpaka Bibi akainuka kutazama kama umeme umekatika. Santuri zao Babu alizipanga rafu ya chini, akaiita Makaburini. Mgeni hakutoka nyumba ile bila kuzuru makaburi.

"Sikiliza hapo! Sikiliza anavyouzika!"

Sasa, kwa nini wote walifeli? Kwa sababu nota alizowapa Babu hazikuwa na kimya. Si kwamba alikifuta. Hakikuwahi kuwamo.

Zamani zile Bibi, akiwa bi harusi wa miezi mitatu, ndiye aliyenakili kwa mkono karatasi za wapigaji thelathini, juu ya meza ya jikoni. Alipokuwa kwenye karatasi ya kwanza, maziwa yakafurika. Akaruka, akazima moto, akarudi na vidole vilivyolowa, akaruka nafasi ya mapigo manne, akaiacha tupu na kuendelea. Zile nyingine zote, mapigo akayahesabu kwa kuifuata hiyo ya kwanza. Siku ya kurekodi, okestra nzima ikanyamaza kwa pamoja, na Babu akabaki peke yake akichapa hewa kwa kijiti kama afukuzaye nzi. Kabla hajafungua kinywa kutukana, mwenye filamu akatoka nyuma ya kioo akilia.

"Hapo hapo! Nani kabuni hili?"

"Mimi," Babu akasema.

Neno moja tu. Karatasi thelathini akazifungia sandukuni. Bibi akaambiwa zimechomwa, na kwamba kimya kile kilikuwa wazo lililomjia Babu akinyoa ndevu. Wahenga walisema siku za mwizi ni arobaini. Babu alijitahidi, akazifanya miaka.

Ndipo akaja Chiriku. Huyu alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, mwanamke ambaye hata akipiga chafya anaongezea maelezo. Sasa ana okestra yake, na redio ilikuwa imemwomba aurekodi muziki ule.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umezeeka."

"Nimejifunza kwako, Mwalimu."

Babu hakucheka. Wale watatu walikuwa viziwi waliovaa suti; huyu alikuwa na masikio. Wivu ulimpanda kutoka kwenye ile soksi moja hadi utosini.

"Mwalimu, nakala zako hazina kile kimya. Wenzangu wote wamebahatisha. Niambie tu, kinaanzia wapi, na ananyamaza nani?"

Babu akafumba macho. "Kimya hakiandikwi, mwanangu. Mtu huzaliwa nacho."

"Mimi nilizaliwa nikipiga kelele."

"Ndiyo taabu yako."

"Mpe mtoto wa watu anachotaka, we mzee!" Bibi akaita kutoka jikoni. "Utaenda nacho kaburini?"

"Nafasi ipo," Babu akasema, akiitazama rafu ya chini.

Chiriku akanywa funda moja la chai, macho yakamtoka, akakirudisha kikombe mezani taratibu. Babu akamtolea bahasha kubwa yenye nota safi, zisizo na doa wala kimya. Mjukuu wake, binti mpole, mtiifu, mfano wa kuigwa na vijana wote, aliyekuwa likizo kutoka shule ya bweni, akapewa kazi ya kuifunga bahasha kwa gundi na kumsindikiza mgeni hadi getini. Akaifanya kwa adabu kubwa.

Likizo iliyofuata, Jumapili saa kumi, muziki ukapigwa redioni. Babu alikuwa amekwisha kupangusa nafasi ya nne Makaburini. Fidla zikapanda. Ngoma zikapanda. Babu akainama mbele, tabasamu tayari.

Kimya.

Mapigo manne, yamekatwa kama kwa kisu. Hata saa ya ukutani ilikuwa kama inaona haya kugonga. Kisha fidla moja, mbali. Bibi akajifuta macho kwa upindo wa kanga. Vinyweleo vya Babu vikasimama bila idhini yake, akavisugua vilale.

"Mapigo matatu na nusu," akasema.

"Manne," Bibi akasema. "Nimehesabu."

Mtangazaji akamuuliza Chiriku siri yake ni nini.

"Karatasi moja ya fidla," Chiriku akajibu, "yenye doa la maziwa. Palipo na doa pana nafasi tupu, mapigo manne kamili. Na mwandiko naujua, ni wa mke wa Mwalimu, ndiye aliyeninakilia nota zangu za kwanza. Kwa hiyo kwenye jalada la santuri nimeandika: kimya kimetungwa na yeye."

Sebuleni Bibi naye akanyamaza. Ilikuwa mapigo manne, si zaidi.

"Yale maziwa," akasema. "Ulinigombeza wiki nzima kwa yale maziwa!"

"Mke wangu..."

"Wazo lilikujia ukinyoa ndevu!"

"Siku ile nilinyoa kweli."

"Miaka arobaini nakupigia makofi kwa kosa langu mwenyewe!"

Babu akaitazama soksi yake. "Kila kitu kingine kwenye muziki ule ni changu," akasema polepole. "Hakuna anayekikumbuka. Wanakumbuka yale mapigo manne tu. Unadhani nawaonea wivu akina Chiriku? Nakuonea wewe. Tangu siku ile."

Bibi akainuka, akafungua kabati, akakichukua kikombe cha fedha, akaenda nacho jikoni, akakitia miiko.

"Ijumaa utaendelea kukifuta," akaita kutoka huko.

Lakini redioni Chiriku hakuwa amemaliza. Chiriku huwa hamalizi.

"Na karatasi ile ilikuja na kijibarua: 'Shangazi, usimwambie Babu.' Basi yeye sikumwambia. Nawaambia ninyi."

Babu akageuza shingo, taratibu kama mlango wa bweni usiku wa msako. Ufunguo wa sanduku hukaa ndani ya kiatu chake cha harusi. Na chini ya paa lile ni mtu mmoja tu anayemwita Babu.

Wasomaji waheshimiwa, yule binti mpole, mtiifu, mfano wa kuigwa, niliyemsifu kwa dhati ya moyo wangu, ni mimi. Kiatu nilikitikisa mimi. Gundi niliiramba mimi. Nimekiri mbele ya Babu nikiwa nimesimama, mikono nyuma, na sasa nakiri mbele yenu.

Na chumvi kwenye chai ya Chiriku, ni mimi pia. Hiyo Babu, aliyenituma, alisema tusiizungumzie.