Uzio wa Saa Nne

Kila siku saa nne asubuhi, watu wakiwa wameinamia vikombe vya chai, uzio wa kampuni ulinyanyua nguzo zake na kusogea hatua moja. Ulizinyanyua taratibu, moja baada ya nyingine, kama mwanamke anayepandisha gauni lisilowe kwenye dimbwi. Ukatua, ukajikung'uta vumbi, ukatulia. Jumapili na sikukuu za serikali ulipumzika. Mlinzi wake, ambaye mtaa mzima ulimwita Bwana Kiti, alibeba kiti chake cha plastiki, akasogea nao, akaketi tena.

Serikali ilikuwa imeipa kampuni eneo lile kwa ajili ya maendeleo. Maendeleo yenyewe yalikuwa hayajafika, ila uzio uliwahi. Ulikwisha kuumeza uwanja wa mpira, bomba la maji, na nusu ya zahanati, hata muuguzi akawa anachoma sindano kupitia matundu ya waya. Aliyepitiwa na uzio alihesabiwa kuwa mtu wa ndani, na wa ndani hatoki bila kibali. Kinyozi ulimpitia amelala. Mpaka leo anaonana na mkewe Jumatano kwa Jumatano.

Nyumba iliyofuata ilikuwa ya fundi cherehani. Fundi hakuwa mwanamke wa maneno mengi. Kila mara uzio ulipotua alitoka na futi yake ya kushonea, akapima kutoka kwenye waya hadi ukutani, akaandika kwa chaki. Siku ile aliandika hatua sita.

Chumba cha upande huo kilikuwa cha mama mkwe wake, ambaye hakuwa ametembea tangu alipoanguka.

"Mama, tukuhamishie chumba cha cherehani," fundi alimwambia.

"Nimezalia watoto watano humu," mama akajibu. "Uzio umezaa wangapi?"

Basi kesho yake fundi na wifi yake wakafunga safari hadi ofisi ya ardhi. Karani aliwakaribisha vizuri, akaikunjua ramani mezani, akaweka kikombe chake pembeni ili isijikunje. Ilipogonga saa nne, mstari mwekundu kwenye ramani ukajivuta mbele kidogo. Karani alinyanyua kikombe, akaupisha, akakirudisha.

"Mnaona? Uzio uko pale pale ramani inaposema."

"Lakini kaka, hiyo ramani si imetembea sasa hivi?" wifi akauliza.

"Ramani ya serikali haitembei, dada. Inarekebishwa."

"Na nani?"

"Na hali."

Wifi akamgeukia fundi. "Umemsikia? Hali. Hebu tumtafute huyo Hali tumwombe."

Karani hakukasirika. Aliwapa fomu ya pingamizi, akawaeleza kwamba majibu hutoka baada ya siku tisini. Fundi akahesabu kimoyomoyo.

"Siku tisini zikiisha, uzio utakuwa umeshafika kwako, kaka."

"Mimi nakaa mbali," karani akasema. Walipokuwa wanatoka walimwacha ameinamia ramani, anahesabu kwa kidole.

Uzio ulikuja tano, nne, tatu. Jumamosi ulipobaki hatua moja, fundi alifikiri kama fundi. Kitu kinachotembeatembea, dawa yake ni mshono. Alitoa uzi wa turubai na sindano ya magunia, akachuchumaa, akaanza kuushona ukingo wa uzio ardhini, mshono wa kurudi nyuma, ule usiofumuka. Wifi alishika waya. Bwana Kiti akatoa karatasi yake ya amri, akaisoma mpaka chini.

"Kukata ni kosa. Kupanda ni kosa. Kukojolea ni kosa," akasema. "Kushona sioni."

"Basi nyanyua miguu, Bwana Kiti, tusije tukakushona na wewe," wifi akamwambia. Akainyanyua.

Kazi ilikwisha jioni. Ulikuwa mshono ulionyooka, hata mwalimu wake wa ufundi angeusifu. Jumapili watu walikuja kuuangalia, wakavuta uzi kwa vidole, wakatikisa vichwa kwa kuridhika.

Ila fundi alikosea kosa ambalo mafundi peke yao hukosea: alikumbuka kwamba nguo iliyoshonwa haichezi, akasahau kwamba iliyoshonwa vibaya hujikunja. Jumatatu saa nne uzio ulinyanyua nguzo kama kawaida, na ardhi, kwa kuwa ilishonwa nao, ikafuata. Ua likasukumwa mbele, likajikusanya. Ukuta ukapinda bila kupasuka. Nyumba ikaingia marinda matatu, mazuri, ya upana sawa, na chumba cha mama mkwe kikaingia ndani ya rinda la pili, pale kitambaa kinapojificha.

"Mama, upo?" fundi akaita.

"Nipo. Panabana, ila upepo hauingii. Leteni chai, na anayeileta aje ubavu."

Wifi, aliyekuwa mwembamba, ndiye aliyempelekea. Uzio haukumpitia mama. Siku hiyo wala iliyofuata haukumpitia. Nyumba iliongeza rinda tu. Majirani walipoona hivyo walileta nyuzi zao, na kabla wiki haijaisha mtaa mzima ulikuwa umekunjamana kama sketi ya shule. Watu walizoea kupishana kwa mabega. Walisalimiana kwa karibu sana, na kwa sababu hiyo kwa adabu zaidi.

Kisha karani wa ardhi alikuja na mkanda wake kupima upya. Alipima kwa nje, kwa kuwa ndivyo taratibu zinavyosema. Vipimo vya nyumba ya fundi vilitoka hatua mbili. Sheria inasema kisichofika hatua tatu si nyumba, ni njia. Na mtu hawezi kuwa na makazi njiani, kwa hiyo waliomo ni wapita njia, na njia iliyoshikana na uzio wa kampuni ni ya kampuni.

"Kwa hiyo tunafukuzwa?" wifi akauliza.

"Hakuna anayefukuzwa, dada. Nyinyi sasa ni wageni. Mgeni ni heshima."

Bwana Kiti alipewa daftari kubwa. Fundi akawa anajiandikisha kila asubuhi kabla ya kuondoa kifuniko cha cherehani: jina, saa ya kuingia, sababu ya kuja. Siku ya kwanza kwenye sababu aliandika *kuishi*. Bwana Kiti aliitazama kwa huruma.

"Hiyo haimo, fundi. Kuna kazi, kuna biashara, kuna mazishi."

"Mazishi yasubiri!" mama mkwe akapaza sauti kutoka ndani ya rinda. Bwana Kiti akaandika biashara.

Ikifika saa kumi na moja jioni, familia yote hutoka, ikasimama barabarani na watoto na masufuria, Bwana Kiti akafungua ukurasa mpya, wakaingia tena. Huchukua dakika kumi hivi. Anayebaki ni mama mkwe peke yake. Ameandikwa mgeni tangu siku ile ya kwanza, nafasi ya saa ya kutoka iko wazi, na jambo hilo humkera Bwana Kiti, kwa kuwa anaipenda kazi yake. Kila jioni huinama kwenye uwazi wa rinda, akamkumbusha kwa upole kwamba muda wa wageni umekwisha.

"Nimesikia, mwanangu," mama hujibu, kisha huvuta shuka.